Nyasi za Baba

Miaka ya hamsini baba yangu alitunza bustani ya Mzungu mmoja kule Ngao, na huko akapata elimu kubwa: kwamba nyumba ya mtu mstaarabu huzungukwa na nyasi. Sisi washamba tulikuwa tukiufagia uwanja wetu ukabaki mchanga mtupu, ili tumwone nyoka kabla hajatuona.

Masika yalipoanza, akapanda nyasi mbele ya nyumba. Kiangazi kikaja, mahindi yakanyauka, nasi tukawa tunazichotea nyasi maji mtoni asubuhi na jioni.

"Baba watoto," mama akamwuliza, "hizi zitaiva lini nizipike?"

"Hazipikwi. Zinatazamwa."

Tukazitazama. Asubuhi moja tukakuta kiboko amepita, amezikata zote sawasawa kuliko panga la baba, na mbolea ametuachia bure. Baba alisimama na ndoo yake, hata nikamwonea huruma. Mama hakumcheka. Alichukua jembe, akachimba mashimo palepale penye mbolea, akafukia mbegu za maboga. Baba aliyamwagilia bila kuambiwa, na mwaka ule tulikula maboga mpaka tukayachoka.