Vidole Vitatu vya Tabibu

Tabibu wa dawa za Kihindi hajawahi kumsalimia mtu kwa kiganja. Tangu zama zile Elina akiletwa dukani kwake na bibi yake, duka linanukia iliki na kinu cha shaba hakinyamazi, tabibu humsalimia kwa salamu ya asubuhi ya Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," huku vidole vitatu vikimshika kifundo cha mkono, macho kayafumba, akisikiliza mapigo ya moyo yamwambie kilichomo ndani. Leo, mvi tupu kichwani, kaja tena ofisini kwa Elina mjini Bariadi kuuliza kama serikali na madaktari wameitambua tiba yake. Elina, sasa afisa afya, akainuka kumpokea, akamnyooshea mkono. Vidole vikatua palepale pa zamani. Mzee akafumba macho, kisha akamwachia taratibu.

"Usihangaike kusema, mjukuu wangu. Wamekataa tena."