Bismillahi ya Paka

Leo mkwe wangu kaponda kitunguu saumu jikoni, harufu ikanifuata mpaka barazani, na hamu ya kula ikanitoka.

Kwetu Iringa tulikula mkekani, na paka wetu alijua neno moja tu. Bibi akisema "Bismillahi", hata awe darini, alishuka akaja kukaa ubavuni mwangu kungoja mnofu wake.

Msimu mmoja wa baridi alishikwa na kikohozi, macho yakajaa tongotongo. Bibi akamtengenezea dawa ya kumtia nguvu, ile ile aliyotupa sisi wajukuu: kitunguu saumu kilichopondwa, kikachanganywa na asali ya Kilolo. Alipomnywesha mara ya kwanza, paka alimponyoka akakimbilia nyuma ya magunia ya mpunga.

Bibi alimwita mpaka akachoka. Kisha akanigeukia.

"Sema bismillahi, mjukuu wangu. Kwako atakuja."

"Lakini bibi, hatuli."

"Wewe sema tu. Ni kwa faida yake."

Nikasema. Paka akatoka akijikokota, akakaa ubavuni mwangu, akaitazama mikono yangu. Bibi akamdaka shingo.

Kesho yake nikasema tena, akaja tena.

Siku iliyofuata tuliketi kula kweli, wali kwa samaki, na bibi akatamka bismillahi kwa sauti. Paka hakutokea. Nikaenda kuchungulia nyuma ya magunia. Alikuwa hai, ananitazama.

Wajukuu zangu hunicheka kwamba naanza kula bila bismillahi. Naisema, ila kimoyomoyo.