Kona Ambayo Baba Hakuisema

Baba yangu alikuwa fundi wa kujenga, na kwa miaka mingi pale Matinyani alikuwa pia mtu wa kuwaambia watu nyumba zao zina thamani gani. Kazi hiyo hakuisomea. Nusu ya nyumba za matofali za upande wetu alizijenga yeye, na zile nyingine aliziona zikijengwa, kwa hiyo alijua kilichokuwa chini ya plasta. Ndugu wakigawana nyumba ya marehemu, au mtu akitaka kuuza ili ahamie Kibwezi, walimwita. Alizunguka nje mara moja, polepole, akiuliza maji hupita wapi mvua ikinyesha. Kisha aliingia ndani, akagonga kuta kwa kifundo cha kidole huku sikio lake likiwa karibu na ukuta, kama mtu anayesikiliza kifua cha mtoto mwenye kikohozi. Akimaliza aliomba maji ya kunywa, akasema bei yake. Chifu aliiandika, akagonga muhuri, na mambo yakaisha.

Miaka ya themanini ikaja sheria. Tuliisikia kwenye baraza. Kuanzia sasa, chifu alisema, thamani ya nyumba itatolewa na mthamini aliyesoma na kuandikishwa na serikali. Karatasi isiyo na sahihi yake haitapokelewa na benki wala mahakama, na mtu mwingine yeyote atakayejifanya mthamini atashtakiwa. Sheria hiyo haikutungwa bure. Tulikuwa tumesikia habari za mjane wa huko Tawa aliyenyang'anywa nyumba na shemeji zake, baada ya fundi mmoja kunyweshwa pombe na kuandika kwamba nyumba ile ni kibanda tu. Baba mwenyewe alisema, tukirudi nyumbani, kwamba ilikuwa imechelewa.

Lakini chifu alikuwa amemvuta kando kabla hatujaondoka. Walikuwa marafiki, na aliongea naye kwa upole.

"Mzee, usinitie kwa shida. Hata ukiulizwa tu njiani, wewe sema hujui."

"Hata nikijua?"

"Hata ukijua."

Baba alisema sawa. Alikuwa mtu wa kutii, aliyefunzwa hivyo na kanisa na pia na miaka aliyofanya kazi chini ya wakubwa wa Nairobi. Akisema sawa, ilikuwa sawa.

Mimi wakati huo nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kozi ya kupiga chapa. Mthamini alipofungua ofisi mjini Kitui, chumba kimoja juu ya duka la vitambaa, alitafuta msichana wa taipureta, na nikapata kazi. Jambo hilo halikumuuma Baba hata kidogo, au kama lilimuuma alilificha vizuri. Alininunulia viatu vyeusi vya kuvaa ofisini.

Nataka kusema ukweli kuhusu yule mthamini, kwa sababu ingekuwa rahisi kumfanya mtu mbaya. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mpole, na hakula hongo. Nilimwona akimrudishia mtu mbuzi aliyefungwa nje ya mlango wa ofisi, na mtu yule akaondoka amekasirika. Tatizo lake lilikuwa ukubwa wa eneo. Leo alikuwa Kasikeu, kesho Mutomo, keshokutwa amerudi Matinyani, na kila nyumba ilikuwa na fomu yake ya kujazwa kama sheria ilivyotaka: ukubwa wa vyumba, aina ya kuta, aina ya paa, umbali hadi barabara. Kulikuwa pia na mstari wa msingi. Msingi wa nyumba iliyokwisha kujengwa hauonekani, na hakuna ambaye angemruhusu achimbe, kwa hiyo hapo aliandika maneno yaleyale kila mara: *Msingi haukuonekana, umechukuliwa kuwa imara.* Niliyapiga chapa maneno hayo mara nyingi sana hata vidole vyangu vikawa vinayajua vyenyewe.

Karibu na shule ya msingi ya kwetu kulikuwa na nyumba ya matofali ya kuchoma, yenye vyumba vinne, mali ya mfanyabiashara aliyekuwa amehamia miji ya barabara ya Mombasa. Baba aliwahi kuitwa kuitazama kabla ya sheria. Siku hiyo alirudi nyumbani akamwambia mama yangu, nami nikiwa hapo nikichambua mbaazi, kwamba kona ya nyuma ya nyumba ile ilijengwa juu ya kichuguu. Fundi alikuwa amekisawazisha tu bila kuchimba hadi chini, na mchwa hawakuwa wamehama. "Ile kona inasikika kama debe tupu," alisema. Alikuwa amekataa kutaja bei mpaka kona ibomolewe na kujengwa upya. Mwenye nyumba hakubomoa. Aliziba ufa kwa simenti, akapaka chokaa, akafunga mlango na kwenda zake.

Baadaye mwalimu mmoja wa shule ile alitaka kuinunua. Alikuwa mwanamke asiye na mume, mtulivu, aliyeishi na mamake mzee katika chumba cha kukodisha, na kwa miaka alikuwa akiweka akiba kwenye chama cha walimu. Alikuja kwetu Jumamosi moja mchana. Mama alimpa chai. Aliongea habari za mvua na za wanafunzi, kisha akamgeukia Baba.

"Mzee, nataka kununua ile nyumba ya karibu na shule. Nimekuja kukuuliza, unaionaje?"

Baba aliangalia kikombe chake.

"Mwalimu, siku hizi kuna watu wa serikali wa kazi hiyo."

"Najua. Atakuja, chama kimemwita. Lakini nimekuuliza wewe."

"Mimi nimekatazwa," Baba alisema.

Mwalimu alingoja. Nilimwona akingoja. Mama alimtazama Baba, nami nikamtazama, na hakuna hata mmoja wetu aliyefungua mdomo, kwa sababu kwetu mtu hasemi jambo ambalo baba wa nyumba ameamua kulinyamazia. Mwalimu alimaliza chai, akashukuru, akaenda.

Ripoti ilifika mezani kwangu wiki mbili baadaye, kwa mwandiko wa mthamini. Kuta, matofali ya kuchoma. Paa, mabati, hali nzuri. Nilipofika kwenye mstari wa msingi niliacha kupiga chapa. Nilisimama nikaenda kwenye meza yake.

"Hii nyumba naijua," nilimwambia. "Baba yangu anasema kona ya nyuma imejengwa juu ya kichuguu."

Hakunikasirikia. Aliweka kalamu chini.

"Baba yako ameandikishwa?"

"Hapana."

"Niliipima hiyo nyumba mwenyewe. Ukuta hauna ufa. Nikiandika maneno ya mtu ambaye hajaandikishwa, na nyumba ikose mkopo, muuzaji akienda mahakamani nitasema nini? Kwamba niliambiwa na karani wangu?"

Nilirudi kwenye kiti changu, nikapiga chapa: *Msingi haukuonekana, umechukuliwa kuwa imara.* Ningeweza kwenda kwa mwalimu mwenyewe jioni hiyo. Shule ilikuwa njiani kwangu kwenda nyumbani. Nilipita, nikaona taa ya ofisi ya walimu ikiwaka, nikajiambia kwamba wakubwa wameshasema.

Mwalimu na mamake walihamia. Nyumba ilisimama msimu mmoja wa mvua na mwingine tena, na nikaanza kufikiri kwamba labda Baba alikosea. Kisha ukaja mwaka wa mvua nyingi, ile ya mwisho wa mwaka ambayo sisi Wakamba huitegemea. Ilinyesha siku nne mfululizo. Siku ya tano, saa nane mchana, mwalimu akiwa darasani, mamake alikuwa ameketi ndani, kwenye chumba cha nyuma, akipepeta mtama kwa sababu nje kulikuwa na matope. Kona ilishuka. Majirani walisema haikuanguka kwa kishindo, ilikaa chini kama mtu aliyechoka, na ukuta ukaifuata.

Baba alikuwa miongoni mwa wanaume waliomtoa yule mama mzee chini ya matofali, akiwa amekwisha kufa. Alirudi na udongo hadi mabegani, akakaa kwenye kigoda uani, mvua ikimnyeshea, na Mama alipomwambia aingie ndani hakusikia. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti. Nilimletea maji ya kunawa, akayatazama tu.

"Nilikatazwa," aliniambia, kana kwamba nilikuwa nimemuuliza.

Watu wa serikali walikuja kuchunguza. Waliangalia fomu, kila mstari ulikuwa umejazwa, sahihi ilikuwa ya mtu aliyeandikishwa, na maneno ya msingi yalikuwa yale ambayo kila mthamini huandika. Hakuna aliyelaumiwa. Kwa kweli sijui wangemlaumu nani.

Mthamini alibadilika. Alianza kuketi ndani ya gari kabla ya kuingia kwenye nyumba za watu. Siku moja alikuja kwetu Matinyani, akavua kofia mlangoni, akamwomba Baba waandamane. Alikuwa ametafuta njia: katika vitabu vya ofisi Baba angeandikwa kibarua wa kushika utepe wa kupimia, na sheria haikumkataza kibarua kugonga ukuta.

"Sitakuuliza bei, Mzee. Uniambie tu kama pana kasoro."

Walikwenda Tawa, kwenye nyumba mpya ya mawe, nami nilikuwepo na daftari. Baba alizunguka nje kama zamani. Aliingia, akachagua kona, akainua mkono na kugonga mara moja. Akagonga tena. Kisha akaweka kiganja chote ukutani akakaa hivyo, kichwa kimeinama, muda mrefu mpaka mwenye nyumba akaanza kunitazama kwa wasiwasi.

"Vipi, Mzee?" mthamini aliuliza.

"Sijui," Baba alisema. "Naisikia ile kona nyingine."

Hakwenda naye tena. Alifariki miaka michache baadaye, na katika miaka hiyo hakujenga kitu zaidi ya choo na zizi. Iliniuma kumwona akifika penye ukuta wowote, maana alikuwa anaupitia mbali, kama mtu anavyompitia mbwa asiyemwamini.

Mimi niliacha kazi ile nikaolewa Makueni. Miaka ya tisini, nikiwa nimekuja kumwona Mama, nilikwenda kwa mwalimu. Alikuwa bado anaishi katika vyumba vitatu vilivyobaki. Kile cha nne alikuwa amekisafisha, akakiacha wazi bila paa, na hakupanda kitu hapo. Tuliketi jikoni. Nilimwambia yote, tangu mbaazi nilizokuwa nikichambua siku ile hadi taa ya ofisi ya walimu niliyoipita. Nilimwambia kwamba Baba alijua, na kwamba karatasi niliipiga chapa mimi.

Nilitegemea alie, au anifukuze, na ningeondoka nikiwa nimefarijika kidogo.

"Nilijua," alisema. "Sikujua ni kichuguu, lakini mzee wako alipoangalia kikombe nilijua nyumba ina kitu. Nilitembea njia nzima nikilijua jambo hilo. Halafu karatasi ikaja, imeandikwa imara." Alinyoosha kitambaa cha meza. "Nilikuwa nimechoka kukodisha. Na chumba cha nyuma nilimpa Mwaitu, mama yangu, kwa sababu ndicho kilichokuwa na joto."

Nje wingu lilikuwa limekusanyika upande wa milima. Aliniomba nimsaidie kuondoa nguo kwenye kamba, na tukaziondoa pamoja, yeye upande wake nami upande wangu. Nguo zilipoisha alinipa mkono, akaniambia nimsalimie Mama. Nilipofika barabarani niligeuka. Alikuwa ameingia ndani, akafunga mlango.