Neno la Makofi Saba

Miaka ya themanini nilikuwa mpiga chapa katika mradi wa maji wa Waholanzi hapa Kisumu, na sikujua Kiholanzi hata cha kuombea maji. Ripoti zao nilizinakili herufi kwa herufi. Shida ilikuwa mwisho wa mstari: kengele ya taipureta inalia, na neno bado refu kama foleni ya bomba la maji mtaani Nyalenda. Unalikata wapi?

Mkubwa wangu, mhandisi wa makamo, akanifundisha kulikata kwa makofi. Drink-wa-ter-voor-zie-ning: makofi sita, kata popote kati ya kofi na kofi. Ile g yao nikaikwangua kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki ngege kooni. Baada ya miezi kadhaa nilisoma kurasa nzima kwa sauti bila kuelewa kitu, na maringo yangu yalikuwa hayabebeki.

Kisha miwani ya mkubwa wangu ikazama ziwani kule Usenge, akawa haoni maandishi. Wiki hiyo hiyo ikaja barua ya dada yake, aliyokuwa akiingoja kwa hofu, maana mama yao alikuwa hoi kitandani na simu ya ofisi ilikufa tangu mvua zianze.

"Mama, nisomee," akaniambia, maana ndivyo alivyozoea kuniita, amesimama mlangoni.

Nikasoma kwa madaha. Mstari wa tatu nikakutana na neno refu, nikaweka barua mezani nikalipigia makofi huku nacheka: be-gra-fe-nis-plech-tig-heid. Saba!

Hakucheka. Aliegemea ukuta akashuka nao mpaka akaketi sakafuni.

"Ni mazishi," akasema. "Wamemzika."

Kwetu Wajaluo habari ya msiba harushiwi mtu aliyesimama. Anaitwa, anaketishwa, anaachwa ale kwanza, kisha mtu mzima anamwambia kwa sauti ya chini. Mimi nimempigia makofi! Mpaka leo nikikumbuka nashtuka, viganja vinaniwasha.

"Pole, Mzee. Nisamehe, mimi sikujua."

"Najua hukujua." Akapangusa uso. "Lakini mimi sikuwa huko. Soma yote. Na hilo neno, rudia pole pole."

Nikaketi sakafuni kando yake, nikaitandaza barua magotini, nikaikalia mikono yangu yote miwili, nikaanza upya.