Limi Afunga Kisukuma Wiki Mbili

Mwasiti alishuka treni ya Tabora na sanduku moja na maneno mengi. Kaka yake, Shaaban, alikuwa mnunuzi wa ngozi pale Shinyanga. Mwasiti hajakaa vizuri nyumbani kwake, akamsikia Mwanne, binti wa kaka yake, akiita uani: "Mayu, minzi yameisha mtungini!"

"Huyu mtoto anaongea makande," akasema Mwasiti. "Mama anamwita mayu, maji minzi! Ijumaa ya pili naondoka. Akiwa hajanyooka, naenda naye Tabora akakae kwangu, asome chuo cha Kurani."

Shaaban akakohoa. Dada yake habishiwi; akatoka kwenda kwenye ngozi zake.

Mkewe, Limi, mtoto wa wakulima, Kiswahili alikijulia ukubwani, sokoni. Lakini mtoto ni wake, akajifunga kibwebwe. Kisukuma marufuku nyumbani. Mwanne akisema minzi, anafinywa. Limi naye akitaka kumwambia jambo, anasimama na mchi mkononi akitafuta neno, likichelewa, analiacha. Ikifika jioni taya zinamuuma kuliko mgongo. Mwisho mtoto akaacha kumsemesha.

Alhamisi, kesho yake safari, Mwasiti akamuuliza Mwanne hili na lile. Mtoto akajibu, safi, kama kakariri.

"Ehe! Sasa huyu mtu. Abaki."

Chai haijapoa, Mwanne akarudi kutoka kuokota kuni, mguu umevimba. Nge. Machozi hakuna.

"Samahani mama, nimeumia," akasema, kama anaongea na mke wa jirani.

Limi akatupa ungo. Akamuuliza kwa Kisukuma, kwa sauti, wapi, saa ngapi, nge yuko wapi. Hapo mtoto akaangua kilio, yakamtoka yote pamoja, Kisukuma, Kiswahili na kamasi.

"Njoo kwa shangazi, mwanangu," Mwasiti akanyoosha mikono. Mwanne akamsukuma, akajifukia kifuani kwa mama yake.

"Haya, Mama Mwanne, umeshaharibu."

"Nimeharibu, wifi. Sina mdomo mwingine."

Mwasiti akawatazama, akaketi.

"Nimchukue, halafu akiugua anililie maneno nisiyoyajua? Umri huu? Siwezi miye. Kaa na mwanao."

Ijumaa akapanda treni peke yake. Limi hakupiga kigelegele. Alitandika mkeka, akajilaza mchana kutwa. Mwanne, mguu umefungwa kitambaa, akawa anamsemesha bila kupumua, naye anaitikia "mm, mm," macho kayafumba.