Sikuolewa, Tulioana

"Mimi sikuolewa. Tulioana." Dokta aliyasema hayo kwenye kipaza sauti, katikati ya harusi ya wifi yake, mbele ya wakwe, mashemeji na mpiga video. "Kuolewa ni kutendwa, kama sufuria inavyosuguliwa. Sisi tulitendana. Na yeyote atakayenisikia nikisema 'nimeolewa', namnunulia anachotaka."

Watu walicheka. Mama mkwe wake hakucheka. Aliinua kidole kutoka meza ya mbele, kama mwanafunzi.

"Mashine ya kufulia," alisema.

"Andika, mama."

"Siandiki. Nasikiliza tu."

Akasikiliza miaka minne. Miaka hiyo yote Dokta, mhadhiri wa sosholojia aliyebobea kwenye jinsia, alifundisha kwa mikataba ya muhula mmoja mmoja, kama mpangaji asiyeruhusiwa kupigilia msumari ukutani. Muhula ukiisha alirudisha ufunguo wa ofisi, akaenda nyumbani kusubiri simu kama mgonjwa anayesubiri majibu. Ndipo chuo cha mji mwingine kikatangaza nafasi ya profesa wa sosholojia ya jinsia. Nafasi moja, ya kudumu hadi kustaafu. Dokta alishavuka arobaini na tano. Akiikosa hii, nyingine ingemkuta na mkongojo.

Usaili ulikuwa wa mtandaoni, asubuhi. Mume wake, fundi wa majokofu, alibeba mkoba wa vifaa akasimama mlangoni. "Wewe waseme tu kama unavyonisema mimi," akamwambia, "kazi utapata." Akaondoka.

Dokta akaweka kompyuta mezani. Kamera ikaona kidevu na matundu ya pua. Akaweka vitabu chini yake, vikateleza. Mwisho akaenda uani, akachukua beseni kubwa la kufulia, akalipindua juu ya meza na kompyuta juu ya beseni. Sasa uso ukakaa katikati ya kioo, uso wa profesa kabisa.

"Dokta," mama mkwe akaita nyuma ya pazia la mlango, "beseni langu liko wapi?"

"Mama, nakuomba, saa moja tu. Ndiyo ile siku."

"Nina mashuka yote ya nyumba hii mikononi. Nifulie kwenye kikombe?"

"Saa moja, mama."

"Haya. Nalisubiri hapa hapa."

Akavuta kigoda akakaa. Dokta aliviona vidole vya miguu yake chini ya pazia, vimejipanga kama askari wa zamu. Mtu ameandika makala ndefu juu ya kazi za nyumbani zisizolipwa, imesomwa mpaka ng'ambo, na siku zote alizokuwa akiiandika, mashuka yake yalifuliwa na mwanamke wa miaka sabini. Dokta alilijua hilo. Lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, na mwenye mwiba kooni haongei sana.

Kioo kikajaa vichwa. Mwenyekiti alikuwa mzee mwenye sauti ya kutangaza msiba. Pembeni yake Mkuu wa Kitivo, mama wa miwani, aliyemtangulia Dokta mwaka mmoja walipokuwa wanafunzi. Wakauliza juu ya utafiti, akajibu. Wakauliza juu ya vitabu, akajibu, ila alijisikia anakimbia kama anayefukuzwa. Mtandao ukakwama ukamgandisha mdomo wazi. Akawaza: basi ndivyo watakavyonikumbuka.

Ukarudi. Mwenyekiti akafunga jalada.

"La mwisho, dogo tu. Profesa anapewa nyumba ya chuo. Zipo za mtu mmoja, zipo za familia. Umeolewa?"

Jibu alikuwa nalo tangu ile harusi, limepigwa pasi na kukunjwa. Lakini mzee alishashika kalamu, na Dokta akaanza kupiga hesabu: nikimsahihisha ataniona nina kiburi, nisipomsahihisha mama wa miwani ataniona sina msimamo. Akiwa bado anapima, ulimi, kiungo kisicho na digrii, ukajiendea zake.

"Nimeolewa, ndiyo. Na mume wangu ameniruhusu kuhama."

Chini ya pazia, kidole gumba cha mguu kikainuka.

Mkuu wa Kitivo akavua miwani. "Amekuruhusu," akarudia taratibu.

"Namaanisha tumekubaliana. Tulioana, yaani... tulikubaliana."

"Tumekuelewa," akasema Mwenyekiti, na pengine ni yeye peke yake ambaye hakuwa ameona tatizo.

Baada ya hapo Dokta akawa haachani na simu hata bafuni. Simu ya jirani ikilia, ni yeye anayeruka. Mume akamwambia, "Kosa dogo hilo," naye akamnyamazisha kwa jicho. Wiki ya pili yake ikaita. Alikuwa Mkuu wa Kitivo mwenyewe.

"Dada, nilitaka ulisikie kwangu. Amepata yule kijana uliyemsimamia tasnifu."

"Yule wangu?"

"Kwa makala unamzidi mbali. Ila naye aliulizwa kama ameoa. Akasema, 'Mimi sikuoa, tulioana. Kuoa ni kutenda, sisi tulitendana.' Mwenyekiti akaomba arudie apate kuandika."

Dokta akakaa kitandani. "Hayo ni maneno yangu."

"Najua, dada. Ila siku yako hukuja nayo."

Uani, mama mkwe alikuwa anakamua shuka. Alimtazama usoni, akamrushia ncha ya pili. Wakalisokota, mmoja huku, mmoja kule, maji yakichuruzikia kwenye beseni lile lile.

"Wamemchukua mwingine, mama."

"Nimesikia. Pole, mwanangu." Wakakamua tena. "Na lile jingine pia nililisikia."

"Najua. Nilikiona kidole."

"Sikudai leo."

"Twende leo, mama. Nikilala nitaghairi."

Wakaanika shuka, wakaenda dukani. Mashine ya kufulia ya kilo saba, inayofunguka juu, ni laki saba na nusu.