Reino na Mashine za Theluji

Reino Kemppainen hakuweza kupita mbele ya ghala bovu bila kuchungulia ndani. Mashine za kutupa theluji zilizotelekezwa, zilizoliwa na kutu, zenye viota vya panya ndani ya injini, alizibeba kwenda nyumbani kama mtu aliyeokota dhahabu. Alizifungua, akasafisha kabureta, akabadili mikanda, akapaka rangi. Theluji ya kwanza ikianguka, zilikuwa zinanguruma. Nusu ya wajane wa Keweenaw, rasi ile ya theluji nyingi, walifunguliwa njia na mashine alizozifufua yeye, naye alilijua hilo, na kiburi chake hakikuwa kidogo.

Jirani yake, Carl Sarkela, alipojinunulia mashine mpya dukani, Reino alimcheka ndani ya sauna, chumba cha mvuke walichoogea pamoja, mbele ya wanaume wote.

"Umejinunulia mwanasesere, Carl. Usiku unamfunika blanketi?"

"Cheka tu, mzee. Iko siku utaniita."

"Siku nikikuita, ujue nimeshakufa."

Nyumbani hakukuwa na kicheko. Figo za mkewe, Ilma, zilikuwa zimekwisha. Kila baada ya siku mbili ilibidi apelekwe mjini kusafishwa damu, asipoenda angekufa, na kati ya mlango wake na barabara kulikuwa na njia ndefu iliyozikwa kwenye theluji. Kazi ya kuifungua Reino aliikabidhi mashine kongwe kuliko zote, aliyoikuta imezama matopeni nyuma ya mgodi uliofungwa. Aliipenda kupita kiasi.

Shida ilikuwa tuta. Magari ya kaunti yakipita kusukuma theluji barabarani, huacha mbele ya njia ya kila mtu tuta la barafu gumu kama jiwe. Mashine ikiligonga, kuna pini laini inayokatika ili giaboksi ipone. Reino aliwaimbia watu wimbo huo miaka nenda rudi: msitie bolti ngumu, acheni pini ikatike. Lakini msimu ule pini zilikatika kila asubuhi, naye akapiga magoti kwenye baridi kuzibadili, vidole havikunjiki, Ilma akingoja dirishani na koti lake. Akachoka. Akatia bolti ya chuma kigumu. Mganga hajigangi.

Dhoruba ikapiga siku mbili, Ilma akakosa zamu yake ya kusafishwa damu. Upepo ulipotulia, Reino akaisukuma mashine hadi kwenye tuta. Ikauma barafu, bolti ikakataa kukatika, na giaboksi ikapasuka kwa kishindo. Meno ya kusaga theluji yakasimama.

Akachukua koleo. Ilma akafungua mlango, uso umemvimba.

"Reino, mpigie Carl."

"Nipe saa moja tu, mama."

"Hiyo saa moja naitoa wapi?"

"Nimesema nitalitoboa! Rudi ndani, baridi!"

Akachimba. Aliona aibu kuliko alivyoona hofu, na huo ndio ukweli mchungu. Saa ikapita, ikafuata nyingine, tuta halijatoboka. Mwishowe Ilma akapiga simu mwenyewe, kwa Carl na kwa gari la wagonjwa. Carl akaja na mashine yake, hakutamba, akalisaga lile tuta huku Reino ameegemea koleo. Gari la wagonjwa likaingia.

Wakati wanampakia, Ilma alimshika mumewe mkono.

"Ulikuwa unangoja nani afe kwanza, mzee wangu? Mimi au mashine?"

Aliyasema akitabasamu, maana ndivyo walivyozoea kutaniana.

Moyo wa Ilma ulisimama kabla hawajafika mjini. Ardhi ilikuwa imeganda, haichimbiki, kwa hiyo jeneza likawekwa kwenye chumba cha mawe pale makaburini, lingoje barafu iyeyuke, kama wafu wote wa majira ya baridi.

Theluji haijui msiba. Wiki iliyofuata ikaanguka tena, gari la kaunti likapita. Carl akaja bila kuitwa, akaanza kusafisha. Reino akatoka na soksi tu miguuni, akainua mkono.

"Zima, Carl."

"Acha nikufungulie njia, ndugu yangu."

"Ya nini? Hakuna anayetoka."